Nukta Mbili

Kilifi, bwenini
2 Februari 1986

Kaka Mahadhi,

Salaam aleikum. Mwalimu wa Kiswahili anasema barua ya ndugu huanza kwa "mimi mzima, hofu ni kwako wewe." Nimeandika hivyo mara mbili nikakata, maana hofu yangu kweli iko kwako, na sikutaka ionekane kama maneno ya daftarini.

Nimefika salama. Sisi ndio Fomu Wani ya kwanza ya nane-nne-nne, na walimu wanatutazama kama mzigo ulioshushwa bila anwani. Hapa mtu akisikika akisema Kiswahili siku za masomo huvishwa kibao shingoni, akae nacho mpaka amsikie mwenziwe naye akikosea. Mimi nilikivaa siku ya pili. Nilikanyagwa mguu nikasema "jamani." Nikakaa nacho siku mbili nzima, kwa kuwa niliona haya kumshitaki mtu. Mwishowe msichana anayelala kitanda cha juu yangu, anaitwa Wangu, akaniambia kwa Kiswahili, kusudi kabisa, "Leta hicho kitu, shingo yako nyembamba." Ndiye rafiki yangu. Kwao ni bara, lakini mamake ni nesi hapa hapa Kilifi.

Nataka kukuuliza jambo moja. Tangu siku ya Maulidi umekuwa ukila chumbani peke yako, mlango umerudishwa, na ni mimi tu niliyekuwa nikiingia. Sasa sipo. Nani anaingia? Nijibu hilo hata kama hutajibu mengine.

Ukimsomea Mama barua hii, msomee polepole, asije akalia.

Dadako,
Khamisa

*

Mambrui
13 Februari 1986

Kwa Bi Fomu Wani,

Wa aleikum salaam. Barua yako ilifika dukani kwa Muhidin, akakaa nayo siku tatu akifukuzia nzi, kisha Kombe akaniletea. Nimemsomea Mama. Kwenye kibao alicheka, kwenye shingo nyembamba akalia. Basi nisamehe, sikuweza kukutimizia.

Huku ni kule kule. Kiti changu cha magurudumu kimekatika spoku mbili, fundi Joram amezifunga kwa waya, na sasa nikisukumwa kinalia kri-kri, mtaa mzima unajua nakuja. Miguu ni ile ile, yaani haipo. Mikono bado ni yangu: nikiegemeza kiwiko mezani kalamu inanitii, na kijiko pia.

Umeuliza habari za kula. Mimi nimefunga. Nilianza na Jumatatu na Alhamisi, za sunna. Sasa nimeingia saumu ya Nabii Daudi, leo nafunga kesho nakula, na hiyo kesho nayo mara nyingine naisahau. Maalim amenitaja msikitini baada ya sala ya Ijumaa: mgonjwa ambaye dini imemruhusu kula, naye amechagua njaa. Mama alipopata habari alitoa kanga mpya sandukuni, akazunguka nayo nyumba kwa nyumba. Tangu Baba afariki sijamwona akitembea vile. Na juzi Kadii wa shambani, ambaye hata si Mwislamu, ameniletea mwanawe mwenye homa nimsomee dua. Nikamsomea. Mtoto akapona. Nifanyeje?

Usiwe na hofu. Soma.

Jirani yako,
Mahadhi

*

Kilifi
2 Machi 1986

Kaka Mahadhi,

"Jirani yako." Neno hilo nimelisoma chooni, mahali pekee hapa penye komeo, nikabaki humo mpaka kengele ikalia. Kumbe ulinisikia.

Acha niandike yote, maana kwa mdomo sitaweza kamwe. Siku ile ya Maulidi nilisimama mlangoni na birika na beseni, nawanawisha wageni mikono. Wewe ulikuwa kwenye sinia na Kombe na wale wageni watatu kutoka Malindi. Nilikuona ukipaliwa. Nilijua kabla yao, kwa jinsi ulivyoinua mabega. Kisha pilau ikakurudi, mdomoni na puani, punje zikaangukia sinia, na wale watatu wakaondoa mikono kama watu waliounguzwa. Kombe peke yake ndiye aliyeendelea kula. Nakumbuka alisema, "Waungwana, mbona mnaniachia kazi yote?" Mimi nilipaswa kuweka birika chini, nije nikuinamishe kichwa kama tulivyozoea. Lakini wale wasichana wa mjini walikuwa nyuma yangu, na mmoja akaniuliza, "Yule ni nani wako?"

Nikasema, "Jirani tu."

Nilitaka kuandika kwamba sijui kwa nini nilisema hivyo. Ninajua. Walikuwa na viatu vizuri na nilitaka wanipende.

Jumapili iliyopita ilikuwa siku ya kutembelewa, na mamake Wangu alikuja na maandazi. Anaitwa Nesi Monicah. Nilimfuata mpaka langoni ndipo nikapata ulimi. Nikamweleza ulivyoanza kuanguka ukiwa mdogo, miguu ilivyokwisha, halafu nikamweleza habari ya kupaliwa. Akaniambia jina la ugonjwa kwa Kiingereza, refu kama treni. Akaniuliza, "Na koo ni nini?" Nikalishika langu. "Koo pia ni misuli," akasema.

Kaka, sisi siku zote tulidhani ugonjwa wako ni wa miguu. Kumbe unapanda. Anasema ukila ukakohoa, ujue chakula kimekwenda njia ya pumzi, na kikifika kifuani ndiko hatari iliko. Ukae wima, ushushe kidevu kifuani unapomeza, tonge dogo, umeze mara mbili, usizungumze. Na maji usinywe hivi hivi, kitu chepesi hukimbia kabla koo halijajiandaa. "Apewe kitu mzito," alisema, na mimi nilikaribia kumsahihisha. Alimaanisha uji mzito wa kushika kijiko, si ule mwepesi wa wagonjwa. Najua Mama atasema, "Mgonjwa apewe uji mzito ili avimbiwe?"

Umefunga kweli, kaka? Au?

Sijui nitie sahihi vipi.

Khamisa

*

Mambrui
14 Machi 1986

Khamisa,

Nilikusikia, ndiyo. Una sauti ndogo kuliko ya kifaranga, lakini siku ile ilitoka safi. Tusilichambue.

Umeuliza nimefunga kweli, au. Niliposema nimefunga sikusema uongo. Sikusema tu ni nini kilichofunga. Koo ndilo lililofunga, mimi nikalifuata. Jumatatu na Alhamisi zilikuwa za Mungu, wallahi. Jumanne niliifunga kwa woga. Baada ya hapo sikujua tena ipi ni ya nani.

Magharibi Mama huniletea sahani, huurudisha mlango nyuma yake. Ananiheshimu, anadhani nafuturu kwa dhikri. Tonge moja hunichukua muda wa mtu kwenda kisimani na kurudi. Nikichoka, kilichobaki nampa paka. Paka amenenepa, mimi nimekonda, na Mama hajaunganisha.

Usimwambie. Nisikilize vizuri. Miaka sita mtaa huu umeniita "yule mtoto kiwete wa Bi Harusi." Sasa wananiita "Mahadhi mwenye saumu." Watoto wakipita barazani wananiamkia. Ukinivua hilo nitabaki nani? Nitabaki yule aliyerudisha pilau kwenye sinia ya watu. Ulinikana mara moja, sikukuuliza kitu. Leo nakuomba hili tu.

Jirani yako, bado,
Mahadhi

*

Kilifi
11 Mei 1986

Kaka Mahadhi,

Likizo nzima nimeshika ahadi yako, na tangu nimerudi huku sipati usingizi kwa ajili yake.

Nilikuona. Kombe alipokuinua kutoka kitini ili Mama atandike, kanzu ilikuja yenyewe, kama imetundikwa kwenye msumari. Mama akasema, "Mashallah, mwanangu amekuwa mwepesi, saumu imemtakasa." Nami nilikuwa pale, nimeshika shuka.

Lakini nakumbuka na zile siku nne. Uliponikubalia nikushike kidevu, nikakishusha kama alivyosema Nesi Monicah, na nikakupikia uji mzito jikoni kwa siri nikimwambia Mama ni wangu. Siku nne ulimaliza sahani. Siku nne paka alilia mlangoni. Hukukohoa ila mara moja, tena ni kwa kuwa nilikuchekesha. Kwa hiyo haiwezi kuwa kwamba hakuna njia. Njia ipo, inataka mkono wa mtu tu, na mkono wenyewe ni wa Mama, yupo hapo hapo.

Leo Ramadhani imeingia. Najua alfajiri amekuletea daku, uji wake mwepesi na kikombe cha maji, na ukanywa akikutazama kwa mapenzi. Nipe ruhusa nimwambie. Tafadhali.

Khamisa

*

Mambrui
16 Mei 1986

Khamisa,

Umeomba ruhusa. Jibu ni hapana.

Ukimwambia, usiniandikie tena.

Mahadhi

Uji wa daku ulipita leo. Karibu wote.

*

Kilifi
20 Mei 1986

Kwa mamaangu Bi Harusi,

Shikamoo Mama. Nakuandikia kwa herufi za chuo, hizi za Kiarabu unazozijua, ili usome mwenyewe, asikusomee Muhidin wala Mahadhi. Nisamehe mwandiko, sijaushika tangu nimalize msahafu.

Pole kwa saumu. Nina jambo la Mahadhi ambalo yeye hawezi kukuambia, na mimi nimechoka kulificha. Kule kwake si kufunga, Mama. Ni kupaliwa. Tafadhali, jioni anapofuturu usimwache peke yake. Mlango usirudishwe tena.

Mengine nitakueleza nikirudi, kwa kalamu naona haya. Usimwambie kwamba umeyapata kwangu.

Mwanao,
Khamisa

*

Mambrui
29 Mei 1986

Kwa mwanangu Khamisa,

Mimi mamako nasema, Muhidin anaandika. (Nami Muhidin nakusalimu, duka ni zima.)

Barua yako nimeisoma mwenyewe, mwanangu! Mimi ambaye kila barua husomewa kama kipofu, nimekaa jikoni peke yangu nikaisoma herufi kwa herufi. Umeniandikia "bole kwa saumu," nikacheka mpaka nikashika ubavu, nikasema, huyu mtoto Kizungu kimemla herufi. Lakini lile neno kubwa nimelisoma sawasawa. Kule kwake si kufunga, ni kubaliwa. Nililia, Khamisa. Jambo hilo mimi nilikuwa nalo moyoni miezi, naogopa kulitamka wasije wakasema mama anajisifu. Kumbe nawe mtoto umeliona ukalificha, na yeye mwenyewe hawezi kulisema, nani atajisemea kwamba amekubaliwa na Mola wake? (Hapa mamako ameniambia niandike kwa herufi kubwa, lakini karatasi imebaki ndogo.)

Ulisema nisimwambie kwamba ni wewe. Furaha haifichiki, nimemwonyesha. Akaishika barua kitambo kirefu, akanirudishia, hakusema kitu. Nikajua ni unyenyekevu.

Na umesema kweli, haifai afuturu peke yake nyuma ya mlango kama mwizi. Nimezungumza na Maalim. Jioni ya kuamkia ishirini na saba ya Ramadhani tunamtoa barazani, afuturu mbele ya watu wote. Kadii analeta madafu kutoka shambani kwake, na dafu la kwanza atakunywa Mahadhi, ndipo sisi wengine tufungue. Laiti ungekuwapo.

Mungu akuzidishie, umenipa macho.

Mamako,
Harusi

(Mkono ni wangu, maneno ni yake. Muhidin.)

*

SIMU YA MAANDISHI
KILIFI 5 JUNI 1986

BI HARUSI DUKANI KWA MUHIDIN MAMBRUI. SI KUBALIWA NI KUPALIWA. KOO HALIPITISHI. ASINYWE DAFU. KHAMISA

*

Mambrui
7 Juni 1986

Kwa binti yetu Khamisa,

Leo hakuna wa kuniambia niandike nini, naandika peke yangu.

Simu yako imeletwa dukani jana Ijumaa, saa nne asubuhi, na kijana wa lori la mkate kutoka Malindi. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa juu ya gunia la sukari. Watu walikuwa tayari wamekusanyika jioni iliyotangulia, Khamisa. Yamekwisha kutokea.

Nitakueleza kama yalivyokuwa, nisikupunguzie, maana najua utataka. Tulikuwa zaidi ya arobaini. Ilipoadhiniwa, mamako alimshikia dafu mwenyewe. Mahadhi akamwambia, "Kidogo, Mama." Mamako akamwambia, "Kunywa, baba, watu wanakungoja." Akatutazama sote, mmoja mmoja, polepole, kisha akanywa. Akainua mabega. Akatoa macho. Uso ukageuka rangi. Na sisi, Mungu atusamehe, tukasema "Allahu Akbar." Tulidhani ni jazba imemshika. Kadiri alivyotapatapa ndivyo tulivyozidi kusema.

Ni Kombe aliyetupiga vikumbo. Akapiga kelele, "Mnamwombea nini? Mtu anakufa!" Akamwinamisha kichwa, akampiga mgongoni mpaka dafu likatoka puani. Alipata pumzi. Lakini alfajiri alikuwa na homa, na kifua kinachemka kama birika. Amelazwa hospitali Malindi. Wanasema ni maji ya kifuani. Hali yake si ya kusema nzuri wala ya kusema mbaya, tunangoja.

Mamako yuko naye. Kabla hajapanda gari alipita dukani nikamsomea simu yako. Akaniambia, rudia. Nikarudia. Akaniambia, rudia. Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa barua yako ya herufi za chuo, akaiweka juu ya mizani. "Nionyeshe hiyo pe," akasema.

Nikatazama. Nikamwambia, "Bi Harusi, hapa hamna pe. Hii ni be."

Akaikunja, akairudisha pindoni.

Muhidin

*

Kilifi
22 Juni 1986

Kaka Mahadhi,

Uliniambia nikimwambia Mama nisikuandikie tena. Naandika nikijua unaweza kuitupa. Hii ni ya tatu, sijui kama mbili za kwanza zilikufikia hospitali.

Muhidin ameandika kwamba homa imeshuka. Nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa nije, akasema mgonjwa akipata nafuu mwanafunzi hubaki darasani, ningoje mwisho wa muhula. Nikasema ndiyo, mwalimu. Ningepiga magoti, ningelia, ningesema lolote, lakini nilisema ndiyo, mwalimu, nikatoka. Mara moja tu maishani sikusema ndiyo: barua ya Mama iliponifikia siku ile, nilitoka langoni bila kuuliza mtu, nikakimbia mpaka posta nikakuta wanafunga. Yule bwana akaniambia, "Tumefunga." Nikaweka mguu mlangoni. Nimepewa adhabu ya kufyeka wiki mbili na sijali. Nilichelewa tu.

Nukta mbili, kaka. Kichwani mwangu nilikuwa nimeziweka. Unakumbuka Bibi alivyotufundisha? Be ana nukta moja chini ya tumbo, na pe ni be aliyejaliwa mapacha, kwa hiyo nukta tatu. Lakini kwenye msahafu hamna pe, na mkono wangu unaujua msahafu tu. Nimeandika "bole," nimeandika "beke yake" badala ya "peke yake," sijui. Hayo Mama aliyasahihisha mwenyewe. Neno moja tu ndilo lililokuwa na maana bila mapacha wake, na maana yenyewe ilikuwa ile aliyokuwa akiiombea.

Halafu mchana nikifyeka najiambia, si nukta. Ningeandika maneno kumi zaidi. Ningeandika: chakula kinamrudi, maji yanampita njia siyo, muulize paka. Hata ningesahau nukta zote duniani Mama angeelewa. Lakini niliona haya. Niliandika mistari saba ya haya na nikaipeleka posta kama niliyefanya jambo la kishujaa. Ni haya ile ile ya mlangoni, na birika mkononi. Mara ya kwanza ilikutia aibu. Ya pili imekutia hospitali.

Sitakuomba unisamehe kwa barua. Naomba tu mtu yeyote aniandikie kwamba unameza.

Khamisa

*

Mambrui
19 Julai 1986

Khamisa,

Mistari inapanda na kushuka, utanivumilia. Kiwiko bado kinaegemea, ila mkono hausikii vizuri. Barua hii nimeiandika siku tatu.

Barua zako zote tatu zilifika. Sikuzijibu. Si kwa hasira, ingawa uliwaza hivyo nami nikakuacha uwaze, na hilo nalo liandike kwenye makosa yangu.

Nimerudi nyumbani wiki ya tatu sasa. Daktari amesema kifua changu hakitarudi kilivyokuwa, na kwamba dafu jingine kama lile hakuna. Sauti imebaki nusu. Wewe na sauti yako ya kifaranga sasa utaniita kifaranga mimi. Waliokuwa wakija kuombewa wamepungua. Wapita njia wananiamkia haraka haraka, kama watu wenye safari. Nimepewa jina jipya, sitaki kukuandikia, utalisikia. Kadii bado anakuja, amekuja mara nne. Mara ya kwanza alisimama mlangoni na shoka la madafu mkononi analia, nikamwambia, "Kadii, liweke chini hilo, watu watadhani umekuja kumaliza kazi." Akasema yeye hakuja kwa saumu yangu, alikuja kwa kuwa mwanawe ananipenda. Miezi yote ile sikuwa nimefikiri kwamba mtu angeweza kuja kwa hilo.

Sasa nisikilize. Kuna jambo unalibeba ambalo si lako peke yako, na nimeona nikilala nalo tena litanipalia kuliko dafu.

Mama aliponiletea barua yako alikuwa akicheka na kulia. Akaiweka mezani mbele yangu, akaweka kidole kwenye neno, akasema, "Soma hapo, baba, uone dadako alivyokuandika." Nilisoma. Nililisoma kama ulivyolikusudia, Khamisa, mara moja, bila mapacha. Kupaliwa. Nisilijue vipi? Hilo ndilo lilikuwa jina langu la siri. Kalamu ilikuwa hapo hapo mkononi, nilikuwa nikiandika hirizi ya mtoto wa mtu. Nukta mbili tu. Nikiegemeza kiwiko, ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua.

Nikautazama uso wa Mama. Tangu Baba afe sijaona uso ule. Nikamrudishia barua, nikanyamaza, na alipotaja habari ya baraza na watu na madafu nikanyamaza tena. Nilijua dafu litafanya nini. Niliwaza, labda nitalimudu, kidogo kidogo, kidevu chini. Na kama silimudu, basi nitakuwa nimekubaliwa jioni moja. Unaona upumbavu wangu? Wewe uliona haya mbele ya wasichana wenye viatu. Mimi niliona haya mbele ya mtaa mzima, nikamwachia mamaangu anishikie dafu mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, anywe yeye majuto maisha yake yote.

Maana anayanywa. Amekuwa hasemi. Hunipikia uji mzito kama ulivyoagiza. Hakulalamika hata habari ya kuvimbiwa, na hilo ndilo lililonitisha. Huketi mbali nami, ananisogezea bakuli kwa ncha za vidole, kana kwamba mkono wake una sumu. Paka amepungua, anamtazama kwa lawama.

Jana nikamwambia, "Mama, lete ile barua." Akasema ameichoma. Nikamwambia, "Ipo kwenye pindo la kanga, naiona." Akaitoa. Nikaomba kalamu. Nikaegemeza kiwiko, nikampa be mapacha wake, mbele ya macho yake. Pacha mmoja ameangukia nje kidogo, lakini anaonekana. Nikamwambia, "Sasa soma."

Akasoma kimya. Kisha akaniuliza, "Ulijua siku ile niliyokuletea?"

Nikamwambia, "Nilijua, Mama."

Uji ukafanya ngozi juu. Nilidhani atanyanyuka aondoke, na ningemstahi. Akavuta kiti chake, miguu ya kiti ikakwaruza sakafu, akakaa karibu mpaka magoti yetu yakagusana. Mlango ulikuwa wazi, watu wanapita. Akaondoa ile ngozi ya uji kwa kijiko, akanishika kidevu kwa mkono wa kushoto, akakishusha kifuani.

"Meza," akasema.

Nikameza. Akangoja.

"Tena."

Barua yako nimeitia humu ndani ya bahasha, uione. Muhula ukiisha usipitie kokote, njoo moja kwa moja. Mama anabonyeza kidevu kupita kiasi na mimi siwezi kumwambia, wewe utamwonyesha.

Kakako,
Mahadhi